Pango lisipolipwa, huenda nyuma ya mlango kuna mgonjwa

KATIKA ofisi yoyote inayosimamia nyumba za umma, maisha ya mpangaji yanapoyumba, jambo la kwanza kuonekana ni tarakimu. Aliyekuwa akilipa kodi ya pango mwanzoni mwa kila mwezi anachelewa, kisha anaruka mwezi mmoja, kisha miwili. Barua hazijibiwi, simu haipokewi, na jina lake linaingia katika orodha ya wale ambao kwa lugha ya ofisi huitwa wadaiwa sugu.

Kinachofuata kinajulikana na wakazi wengi wa mijini. Notisi hubandikwa mlangoni, dalali huitwa, na vyombo vya ndani hutolewa nje huku majirani wakitazama. Wapo wapangaji wanaostahili hatua hiyo, kwa kuwa wana uwezo wa kulipa na hawataki. Lakini wapo pia ambao deni lao ni dalili ya awali ya maradhi ya akili, na mara nyingi mtu wa kwanza kuiona dalili hiyo ni mtumishi wa shirika la nyumba, kabla ya daktari na pengine kabla ya ndugu.

Ndiyo maana elimu ya afya ya akili kwa watumishi hao, kuanzia ofisa miliki na mkusanyaji wa kodi hadi fundi bomba na mlinzi wa jengo, ni suala linalostahili kueleweka. Elimu hiyo ni ya namna gani, mipaka yake iko wapi, na inaweza kuokoa nini?

Ofisi yenye kumbukumbu za miaka mingi

Nchini Tanzania, Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) liliundwa mwaka 1962. Mwaka 1990 liliunganishwa na Msajili wa Majumba, chombo kilichozaliwa mwaka 1971 pale serikali ilipotwaa majengo ya watu binafsi. Kwa sababu ya historia hiyo, shirika hilo linamiliki majengo katikati ya miji mingi, yakiwamo ya Upanga na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Wakala wa Majengo Tanzania (TBA) nao unasimamia nyumba za watumishi wa serikali. Zanzibar yako majumba ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 kwa msaada wa iliyokuwa Ujerumani Mashariki.

Wapo wapangaji wa nyumba za aina hiyo walioishi humo kwa miongo kadhaa. Wameolewa humo, wamezaa humo na wamezeekea humo. Ofisi ya nyumba huwa na jalada la kila mmoja: siku alizolipa, malalamiko aliyoleta, matengenezo aliyoomba, na malalamiko ya majirani dhidi yake. Ni kituo cha afya nadra chenye kumbukumbu ya mwenendo wa mtu mmoja kwa muda mrefu kiasi hicho.

Mtumishi anayelisoma jalada hilo kwa jicho la deni ataona shilingi. Anayelisoma kwa jicho pana zaidi ataona kwamba mpangaji aliyelipa bila kukosa kwa miaka kumi na miwili aliacha ghafla, na kwamba mwezi huohuo majirani walianza kulalamika kuwa anapiga kelele usiku.

Maradhi yanavyogeuka kuwa deni

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2019 mtu mmoja kati ya kila wanane duniani alikuwa akiishi na aina fulani ya maradhi ya akili. Kwa kiwango hicho, hakuna jengo kubwa la ghorofa linaloweza kudhaniwa kuwa halina mgonjwa hata mmoja.

Ugonjwa wa sonona, kwa mfano, haumwachi mtu akiwa na huzuni tu. Humwondolea usingizi, nguvu, uwezo wa kumakinika na uwezo wa kuamua. Kazi ndogo, kama kufungua bahasha au kwenda benki, huonekana kubwa kama mlima. Mgonjwa huahirisha leo, huahirisha kesho, kisha aibu ya kuahirisha humzuia kabisa kupokea simu ya ofisi. Kila notisi inayofika humwongezea hofu, na hofu humzidishia ugonjwa. Kwa mtazamaji wa nje, mtu huyo ni mkaidi.

Katika ugonjwa wa hisia mseto, ambao mgonjwa hupanda na kushuka kihisia, kipindi cha kupanda huweza kumfanya atumie fedha ovyo kwa siku chache, ikiwamo kodi ya miezi kadhaa. Mwenye skizofrenia anaweza kuamini kuwa watu wa ofisi wanamfuatilia kwa nia mbaya, na kumbe siku hiyo kweli wamekuja wanne wakiwa na gari na mgambo. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza kuapa kuwa amelipa, akawa hasemi uongo kwa jinsi akili yake inavyomwambia, na pengine ndiye huyohuyo anayeacha jiko likiwaka usiku.

Lipo pia tatizo la kulimbikiza vitu, ambalo watumishi wa nyumba hukutana nalo wakati wa ukaguzi. Chumba hujaa magazeti, makopo na nguo kuukuu hadi njia ya kupita inapotea. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 ulilitambua tatizo hilo kuwa ugonjwa unaojitegemea, na WHO nayo imeliweka katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Wataalamu wanaonya kuwa kuvamia na kutupa kila kitu kwa siku moja humwumiza mgonjwa, na baada ya muda chumba hujaa tena. Lakini kuacha hali ilivyo nako ni hatari ya moto kwa jengo zima. Mtumishi asiyelijua hili huona uchafu tu.

Funzo kutoka Peckham

Mwezi Februari 2022, polisi jijini London, Uingereza, walivunja mlango wa nyumba moja eneo la Peckham na kukuta mabaki ya mwanamke aliyekuwa akiishi humo peke yake. Ilibainika kuwa hakuonekana tena tangu Agosti 2019. Nyumba hiyo ilikuwa ya asasi inayopangisha kwa watu wa kipato cha chini.

Katika muda wote huo, ofisi haikuwa imelala. Kodi ilipoacha kulipwa, iliombwa ikatwe moja kwa moja kutoka katika posho ya serikali, na fedha zikaendelea kuingia. Mafundi waliposhindwa kuingia kukagua mfumo wa gesi, gesi ilikatwa. Majirani walilalamikia harufu, na malalamiko yao yalipokewa. Kila idara ilitimiza utaratibu wake, lakini mambo hayo matatu hayakuunganishwa ipasavyo.

Chanzo cha kifo chake hakikuweza kubainika, na si haki kumhesabu marehemu kuwa mgonjwa wa akili. Hata hivyo, mkasa huo unaonyesha jinsi ofisi inavyoweza kujua mengi kuhusu mlango mmoja na isijue lolote kuhusu aliye nyuma yake. Mpangaji aliyejifungia kwa sababu ya sonona huacha alama zilezile: kodi iliyokoma, mlango usiofunguliwa, majirani wenye wasiwasi.

Huduma ya kwanza isiyohitaji bandeji

Mafunzo yanayotumika zaidi kwa watu wasio wataalamu yalianzishwa nchini Australia mwaka 2000 na Betty Kitchener, muuguzi aliyewahi kuugua sonona mwenyewe, na mumewe Anthony Jorm, mtafiti wa afya ya akili. Wazo lao lilikuwa rahisi. Kama raia wa kawaida anaweza kufundishwa kumsaidia aliyevunjika mguu hadi afikishwe hospitali, anaweza pia kufundishwa kumsaidia aliyevunjika moyo.

Hatua zake ni chache. Kumkaribia mtu na kupima kama yuko hatarini. Kumsikiliza bila kumhukumu. Kumpa faraja na taarifa sahihi. Kumshawishi aende kwa mtaalamu. Na kumsaidia apate msaada wa ndugu, jirani au kiongozi wa dini. Anayefundishwa hapewi kibali cha kutaja ugonjwa wa mtu wala kumpa ushauri wa dawa.

Kwa mtumishi wa nyumba, tofauti huanzia katika maneno ya mlangoni. Badala ya kuanza na "Kwa nini hulipi?", ofisa mwenye mafunzo anaweza kusema: "Shikamoo mama. Tumezoea kukuona ukilipa mapema, lakini miezi hii mitatu tumeona mabadiliko. Je, kuna jambo limekupata?" Swali la kwanza hufunga mlango. La pili humpa mtu nafasi ya kueleza, na hata asipoeleza, humwonyesha kuwa yupo aliyeona.

Jambo linalowatisha wengi ni kuuliza kuhusu kujiua. Wengi huamini kuwa ukimwuliza mtu kama anafikiria kujidhuru, utakuwa umempandikizia wazo hilo. WHO inaeleza kuwa imani hiyo si sahihi. Kuuliza kwa upole na uwazi humpa mhusika nafasi ya kusema lililomlemea. Atakayekiri kuwa ana nia hiyo asiachwe peke yake, na msaada wa ndugu na wa hospitali utafutwe papo hapo.

Imani nyingine ni kwamba kila mwenye maradhi ya akili ni mtu wa fujo. Walio wengi hawana madhara kwa wengine, na wao ndio hupigwa na kudhulumiwa zaidi. Hata hivyo, mtumishi anayekutana na mtu aliyechanganyikiwa sana hapaswi kujifanya shujaa. Afundishwe kutomzonga, kuongea taratibu, kutoziba njia ya kutokea, na kuondoka kutafuta msaada hali ikiwa mbaya.

Mafunzo pekee hayatoshi

Pamoja na sifa zake, mafunzo haya yana mipaka ambayo wasimamizi wa mashirika wanapaswa kuifahamu. Tafiti zimeonyesha kuwa humwongezea anayefundishwa ujuzi na ujasiri, na humpunguzia unyanyapaa. Lakini ushahidi kwamba anayesaidiwa hupata nafuu kwa sababu ya mafunzo hayo bado ni mdogo.

Sababu mojawapo si ngumu kuiona. Ofisa anaweza kutambua kuwa mpangaji ni mgonjwa, lakini kama utaratibu wa ofisi unamtaka atoe notisi siku ileile, ujuzi wake utabaki kuwa mzigo moyoni mwake. Ili elimu izae matunda, utaratibu nao hauna budi kuacha nafasi ya kuitumia.

England na Wales zimejaribu kutoa nafasi hiyo kisheria. Tangu Mei 4, 2021, mdaiwa anayetimiza masharti anaweza kupewa muda wa kupumua wa siku 60, ambao wadai wake wengi, pamoja na mwenye nyumba anayedai malimbikizo ya kodi, hawaruhusiwi kumchukulia hatua. Kwa mtu anayetibiwa maradhi makali ya akili, na mtaalamu aliyeidhinishwa akathibitisha hivyo, muda huo huendelea kwa kipindi chote cha matibabu hayo na siku 30 zaidi. Deni halifutwi. Linasubiri mpaka mwenye kudaiwa awe na akili ya kulijadili.

Wapo watakaosema kuwa utaratibu kama huo utakuwa kichaka cha wadanganyifu. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu shirika la nyumba hutegemea kodi kufanya matengenezo, na mpangaji anayekwepa kulipa humwumiza jirani anayelipa. Jibu lake ni kuwatenganisha wadaiwa katika mafungu matatu: asiyetaka kulipa, asiyeweza kwa kukosa kipato, na asiyeweza kwa sababu ya ugonjwa. Wa kwanza anafaa notisi. Wa pili anafaa mpango wa kulipa kidogo kidogo. Wa tatu anahitaji tiba kwanza, na uthibitisho hutolewa na hospitali, si na ofisa wala na mpangaji mwenyewe. Kumtoa nje mgonjwa hakurudishi fedha. Deni hubaki bila mlipaji, na mgonjwa hupoteza anwani ambayo ndugu na wauguzi wangeitumia kumpata.

Anayegonga mlango naye ni binadamu

Upande wa pili wa suala hili huzungumzwa mara chache. Mtumishi wa nyumba hutukanwa, hutishiwa, hulaumiwa kwa kodi asiyoipanga na kwa bomba ambalo bajeti yake haijapitishwa. Huwekewa lengo la makusanyo la kila mwezi. Huwa shahidi wa watoto wakikalia magodoro barabarani. Wengine ndio huvunja mlango na kukuta maiti. Jioni hurudi nyumbani, naye pia huenda ana mwenye nyumba anayemdai.

WHO huutambua uchovu wa kupindukia utokanao na kazi kuwa hali ya kikazi isiyo ugonjwa, na kuutaja kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kwa dharau au kejeli, na kushuka kwa ufanisi. Dalili ya pili ndiyo ya hatari zaidi katika ofisi ya nyumba. Ofisa aliyefika hapo husema wapangaji wote ni walewale, wote waongo. Mtu huyo hawezi kuona dalili ya ugonjwa kwa mwingine, hata afundishwe mara ngapi.

Mwezi Septemba 2022, WHO ilitoa mwongozo kuhusu afya ya akili kazini. Ilikadiria kuwa sonona na wasiwasi uliopitiliza huigharimu dunia siku za kazi bilioni 12 kila mwaka. Mwongozo huo unashauri mameneja wafundishwe kutambua msongo kwa walio chini yao, na unasisitiza kurekebisha mazingira yenyewe ya kazi, kama vile wingi wa kazi na ukosefu wa sauti katika maamuzi, badala ya kumtaka mfanyakazi ajifunze tu kuvumilia.

Kwa ofisi ya nyumba, hilo lina maana ya mambo ya kawaida kabisa. Watumishi wawili waende pamoja katika nyumba yenye historia ya vurugu. Siku ya kutoa vyombo nje isifuatwe asubuhi yake na nyingine kama hiyo kwa mtu yuleyule. Aliyekuta maiti apewe mapumziko na mtu wa kuzungumza naye, bila kuonekana dhaifu mbele ya wenzake.

Wapi pa kumpeleka

Kutambua tatizo bila kujua pa kulipeleka ni kumwongezea mtu fadhaa. Kwa Tanzania Bara, njia ya kawaida huanzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa. Ngazi ya juu ipo Hospitali ya Taifa Muhimbili, yenye idara ya magonjwa ya akili, na Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iliyopo Dodoma. Zanzibar ipo Hospitali ya Kidongo Chekundu. Ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri husaidia pale ambapo mgonjwa hana ndugu au ndugu wamemkimbia, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa huwa anazijua familia kuliko mtu yeyote wa ofisini.

Orodha ya majina na namba za watu hao, ikibandikwa katika kila ofisi ya nyumba na kuhakikiwa mara kwa mara, hugharimu karatasi moja. Sheria ya Afya ya Akili ya Tanzania ya mwaka 2008, iliyochukua nafasi ya sheria ya enzi ya ukoloni, imeweka taratibu za kumpokea na kumtibu mgonjwa, na ofisi haina haja ya kubuni zake.

Uhaba wa wataalamu nao haupaswi kuwa kisingizio. Nchini Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 katika kitongoji cha Mbare, Harare, kuwafundisha akina bibi kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha wagonjwa 573, ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliohudumiwa na bibi hao walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo ulifika pia Malawi na Zanzibar. Viwanja vya majengo ya umma vina vivuli vya kutosha kwa benchi kama hilo.

Siri ya mpangaji

Liko onyo moja la mwisho. Elimu hii ikitolewa bila nidhamu, inaweza kugeuka silaha. Ofisa anaweza kuandika katika jalada kuwa mpangaji fulani ni "chizi", neno hilo likavuja hadi kwa majirani, na nyumba ikatafutiwa mtu mwingine. Taarifa za afya ya mtu zihifadhiwe mbali na jalada la kawaida, zionwe na wachache, na zitumike kumsaidia tu. Maneno kama kichaa na mwehu hayana nafasi katika maandishi ya ofisi ya umma.

Kwa shirika linalotaka kuanza, hatua ya awali haihitaji fungu kubwa. Kabla ya notisi yoyote kusainiwa, ofisa mmoja aulizwe maswali matatu na majibu yaandikwe: mpangaji huyu alikuwa akilipa vipi kabla ya deni hili, ni lini mara ya mwisho mtu wa ofisi alizungumza naye ana kwa ana, na nani amemwona wiki hii? Asiyeweza kuyajibu bado hajawa tayari kuisaini.